Tension ya Mukaka

Beni, ninakoishi sasa, sweta ni nguo ya kukaa sandukuni. Lakini kila ninapopanda kwenda Butembo kuwasalimu ndugu, baridi ya huko hunifundisha adabu, nami naivaa. Taabu ni kuivua. Ni ya nailoni, ya mtumba, na katika kiangazi cha Januari, hewa inapokauka, huwezi kuipitisha kichwani bila ule mlio: tsk, tsk, tsk, kama panya anayetafuna karanga ndani ya nywele zako. Ukigusa kitasa cha mlango baada ya hapo, kinakuuma. Watu wengine husonya tu wakaendelea na shughuli zao. Mimi, mwanamke mzima mwenye shahada na miwani, husimama katikati ya chumba nikiwa na miaka minane, nikimwogopa bibi yangu.

Lazima kwanza niwaambie tulivyojifunza Kifaransa. Shuleni tulifundishwa kwa kuimba, lakini maneno yaliyotuingia moyoni tuliyasoma njiani. Njia yetu ya shule, kule Vulamba, mtaa wetu wa Butembo, ilipita nyuma ya kiwanda cha kahawa, na kiwanda kilikuwa na kibanda cha matofali chenye mlango wa chuma. Juu ya mlango palichorwa fuvu la mtu, mifupa miwili iliyopishana na radi nyekundu, na chini yake maandishi: HAUTE TENSION, DANGER DE MORT. Ndani kitu kilinguruma kutwa nzima. Aliyenitafsiria ni Paluku, kaka yangu mkubwa, aliyenizidi miaka mitano na ujuzi wote wa dunia.

"Haute ni juu," alisema. "Tension ni ile kitu iko ndani. Danger de mort, hatari ya kufa, ni wewe, kama unagusa."

Ujuzi wa Paluku haukuwa wa vitabuni. Siku moja alikuwa ameshika buji ya jenereta ya baba, kile kidude kinachotoa cheche ya kuwashia petroli, huku mashine ikizunguka. Ilimrusha hadi kwenye rundo la kuni. Alianguka mwanafunzi, akainuka profesa. Tangu siku hiyo hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kumbishia juu ya jambo lolote lenye waya.

Mukaka alitufikia mwaka huohuo. Mukaka ndivyo sisi Wanande tunavyomwita bibi, na huyu alikuwa mama mzazi wa baba, mkulima wa Masereka, kule juu ambako viazi hukua vinene na watu hulala na soksi. Alishuka kwenye gari la mboga, kutoka katikati ya magunia ya liki, akinukia liki na moshi wa kuni, blanketi begani na fimbo mkononi. Hakuja kutembea. Kichwa chake, alisema, kilikuwa kimehamiwa na mpiga ngoma, na macho yake yaliona nzi ambao hawakuwepo.

Desturi yetu ilikuwa kwamba bibi akija, mjukuu wa kike hulala mgongoni pake ili ampashe joto. Kazi hiyo ilikuwa yangu mimi, Kahindo, nami niliipenda kuliko kazi zote nilizowahi kupewa, tangu wakati ule hadi leo, zikiwemo zile za mshahara. Mukaka alikuwa na hadithi za fisi mpumbavu, na chini ya mto alificha kiazi cha kuchoma, baridi, kilichofungwa katika jani, ambacho tulikigawana gizani kama wezi.

Mama alimpeleka kwenye kituo cha afya, nami nikafuata nimebeba kikapu. Muuguzi alimfunga Mukaka kitambaa mkononi, akaminya mpira, kitambaa kikavimba, akasikiliza. Akaminya tena. Halafu akamtazama mama, siyo Mukaka, na hilo peke yake lilitosha kunitisha.

"Mama, tension iko juu. Iko juu sana, ni ishirini na mbili. Vingt-deux."

"Ni mubaya?" aliuliza mama.

"Tension ya hivi inaua mutu, na haipigi hodi. Chumvi, hapana. Kazi ya nguvu, hapana. Atakunywa vidonge, na kila juma munamuleta hapa tumupime. Hapana kumurudisha Masereka."

Tension. Juu. Inaua. Nilimtazama bibi yangu akishusha mkono wa blauzi yake, na juu ya kitambaa chake cha kichwa niliona waziwazi fuvu, mifupa miwili na radi nyekundu.

Nilikimbia kumtafuta Paluku. Alinisikiliza akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kidevu mkononi, kama hakimu wa mtaa.

"Alisema ngapi?"

"Vingt-deux."

Paluku akapiga mluzi mrefu. Kwenye jenereta ya baba paliandikwa 220, na yeye aliijua ile namba kwa uchungu. "Muuguzi ameficha zero," alisema. "Banakata zero kusudi mugonjwa asiogope. Mukaka iko na deux cent vingt."

"Sasa tutafanya nini?"

"Hapana kumugusa na mikono mitupu. Na kwa miguu, mpira. Courant, ile umeme, haipite kwa mpira."

Ndivyo ilivyoanza. Butembo ni mji wa matope, kwa hiyo kila mtoto alikuwa na mabuti ya mpira, lakini yalikuwa ya kuvaliwa nje. Sisi tuliyavaa ndani. Tulivaa mabuti kumpelekea Mukaka uji. Tulivaa mabuti kumsalimu asubuhi, tukiwa tumesimama mlangoni, mikono nyuma, kama askari wanaosubiri mshahara. Sahani yake niliisukuma mezani kwa mwiko. Aliponiita nikalale, nilisema nina upele na muuguzi amekataza, nikajikunja juu ya mkeka upande wa pili wa chumba, na usiku kucha nilisikia meno yake yakigongana kwa baridi. Kiazi cha chini ya mto kiliendelea kuwekwa. Asubuhi nilikiona bado kizima ndani ya jani lake.

Mama aliona mabuti akadhani ni mchezo. Alitukaripia kwa sababu ya sakafu tu.

Hata hivyo ningeweza kurudiwa na akili zangu, kama si lile blanketi. Lilikuwa la nailoni, jekundu, lenye picha ya simba, baba alilileta kutoka dukani kwake kwa heshima ya mama yake. Sebuleni kulitandikwa mkeka wa plastiki. Mukaka alijifunika simba wake kutwa nzima, akitembea kwa kuburuza soksi zake za sufu juu ya plastiki ile, kutoka kiti hadi dirishani, kutoka dirishani hadi kiti. Alasiri moja kavu alinikuta nimesahau kujihadhari, nimeinama kuokota kifungo. Akanyoosha kidole kunigusa mkono.

Cheche iliruka. Sikuihisi tu, niliiona: ya buluu, ndogo, na iliimba. Nilipiga ukelele uliomtoa jogoo kwenye kivuli cha kichaka. Mukaka naye aliurudisha mkono kifuani kama mtu aliyegusa chungu cha moto, akakitazama kidole chake kwa muda mrefu, mbele na nyuma.

"Umeona!" Paluku aliniambia, macho yakiwaka kwa furaha ya msomi aliyethibitishwa. Lakini kwa kuwa msomi wa kweli haridhiki na shahidi mmoja, kesho yake alichukua balbu ya tochi na kipande cha waya, akamnyemelea Mukaka aliyekuwa akisinzia juani, akapiga magoti miguuni pake na kuugusisha waya kwenye kidole gumba.

Mukaka alifungua jicho moja. "Paluku. Unatafuta nini kwa muguu yangu?"

"Funza, Mukaka."

"Na hiyo tochi?"

"Ni ya kuona funza muzuri."

Balbu haikuwaka. Paluku alitafakari sana, akahitimisha kwamba balbu imekufa.

Siku ya pili baada ya cheche, wakati wa chakula, Mukaka alitangaza kwamba atarudi Masereka. Gari la mboga lingepanda Jumatatu, naye angepanda nalo.

"Juu ya nini?" aliuliza baba, kijiko kikiwa hewani.

"Nimechoka na muji."

"Mama, kule nani atakupima tension? Ng'ombe?"

"Nitaenda, mwanangu."

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Baba aliamini ni chumvi: alimwambia mama kwamba hakuna mwanadamu anayeweza kuishi kwa sombe isiyo na chumvi, na kwamba mama yake anayakimbia maharagwe. Mama alikusanya sahani kwa nguvu zaidi kuliko sahani zinavyohitaji. Mimi nilijua ukweli: anaondoka kwa sababu ya mabuti yetu. Na nilijua pia alichosema muuguzi, kwamba akirudi Masereka, kile kitu kisichopiga hodi kitamkuta huko bila vidonge wala mtu wa kumpima. Nilitaka abaki, kwa moyo wangu wote. Nilitaka tu abaki mbali kidogo.

Ikaja Jumapili. Baada ya misa baba alikuwa na desturi ya kuwasha jenereta, ambayo kwetu tunaiita groupe, ili majirani waje kutazama kaseti za karate. Groupe ilikaa nyuma ya jiko, televisheni sebuleni, na kati yao palikuwa na ua mzima. Waya mweusi ulivuka ua huo, umeungwaungwa na kufungwa vipande vya mfuko wa plastiki, na baba, mtu mwangalifu, aliupitisha juu ya waya wa chuma wa kuanikia nguo ili tusiukanyage. Katikati ulilegea, ukalala chini. Hatukuuogopa hata kidogo. Ulikuwa kitu cha nyumbani, kama paka.

Siku ile mama alikuwa amefua blanketi za wageni, na ua wote ulikuwa maji. Mukaka aliketi kwenye benchi kando ya ukuta, simba wake mabegani, kifurushi chake cha safari tayari kimefungwa miguuni. Mama aliniambia nianike kitambaa cha meza. Kwa kuwa Mukaka alikuwa mbali, nilivua mabuti nisiyachafue zaidi, nikaingia kwenye maji peku, nikanyoosha mkono nikaushika waya wa kuanikia.

Waya ukanishika.

Sina neno bora zaidi. Ile cheche ya Mukaka iliniuma ikaondoka, kama nyuki. Hii haikuondoka. Mkono wangu ulijifunga kama ngumi, nikauamuru ufunguke, nao ukakataa kunitii kana kwamba ni wa mtu mwingine. Taya zikabana. Nilitaka kuita mama, ikatoka sauti ya mbuzi. Kutoka sebuleni nilisikia wanaume wakishangilia teke la mtu fulani.

Mukaka aliinua macho. Aliona mjukuu wake anatetemeka, na juu ya waya wa nguo, karibu na mkono wake, kitu cheusi kirefu kinachotoa cheche. Masereka, kitu cheusi kirefu kinachomng'ang'ania mtoto kina jina moja tu.

"Nyoka!" Sijui yule mgonjwa aliyekatazwa kazi ya nguvu alipata wapi miguu. "Nyoka anakula mutoto!"

Akampiga yule nyoka kwa fimbo yake kavu ya mti, pigo la mwanamke aliyelima maisha yake yote. Waya mweusi ukaruka kutoka juu ya ule wa nguo, muungo ukaachana, groupe ikabaki inanguruma bure. Mkono wangu ulifunguka, nikakaa matopeni. Kilio kikubwa kilitoka sebuleni, cha uchungu kuliko changu.

"Nani amezima? Karate ndiyo inaanza!"

Mukaka aliitupa fimbo, akanijia mbio, akasimama ghafla hatua moja kutoka nilipokaa. Mikono yote miwili ilikuwa juu, vidole vimepanuka.

"Mukaka, hapana kumugusa!" Paluku alitokea jikoni akipiga kelele. "Kahindo iko na courant ndani, na wewe uko na haute tension! Mutalipuka bote wawili!"

Nilidhani ni kelele za Paluku zilizomsimamisha. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuumwa na kitu chenyewe, na mtoto aliyeumwa hana sayansi. Nilijirusha nikamkumbatia miguu. Paluku akaziba masikio. Nami nikafumba macho, tukasubiri kulipuka.

Hatukulipuka. Palikuwa na harufu ya liki na moshi tu. Baada ya muda nilihisi kidole kimoja kikigusa utosi wangu na kuondoka upesi, kama mama anavyojaribu pasi kama imepata moto. Kikarudi. Kisha vyote kumi.

"Haute tension gani?" alikuwa akiuliza baba, akiwa mlangoni pamoja na majirani wake wote. Paluku alieleza. Alieleza vizuri, nakiri: mlango wa kiwanda, zero iliyofichwa, mabuti, balbu. Kisha jirani mmoja akacheka, akafuata mwingine, na baba akacheka hadi akashikilia fremu ya mlango kwa mkono mmoja na sikio la Paluku kwa mwingine. Mama peke yake hakucheka. Alikwenda nyuma ya jiko akaizima groupe mwenyewe, akarudi akauonyesha ule waya mweusi uliolala majini.

"Danger de mort ni hii," alimwambia baba. "Na wewe ndiye uliileta kwa nyumba."

Karate iliishia hapo kwa mwezi mzima. Kesho yake asubuhi tulikwenda wote kituo cha afya, baba pia, na muuguzi akatueleza polepole, akituonyesha mpira na bomba, kwamba tension ya Mukaka ni ya damu inayosukuma kuta za mishipa, na kwamba haijawahi kumrukia mtu. Mukaka alimwomba arudie mara mbili. Halafu akavuta pumzi, akamwuliza baba kama gari la mboga linaweza kupeleka kifurushi bila mwenyewe. Usiku huo nililala mgongoni pake, nikala kiazi.

Yaliyobaki niliyapata miaka baadaye, Beni, darasani, kutoka kwa mwalimu wa fizikia aliyezaliwa vilimani kama sisi. Tension ya umeme, alisema, ni urefu wa kilima. Courant ni maji yanayoteremka. Mwaga kikombe kimoja kutoka kilima kirefu kuliko vyote, atakayekuwa chini atalowa kidogo na kutukana. Fungulia mto kwenye mteremko mdogo, utabeba mbuzi. Cheche ya blanketi ina maelfu ya volti, lakini nyuma yake kuna kikombe tu, kinakwisha kabla hujasema aii. Buji iliyomrusha Paluku, vivyo hivyo, kilima kirefu na maji machache, ingawa akianguka vibaya zile kuni zingetosha kummaliza. Groupe ya baba ilikuwa na mteremko mfupi, mia mbili na ishirini, ila nyuma yake palikuwa na mashine inayoendelea kumimina, na mimi nilikuwa nimeifungulia lango kwa ngozi iliyolowa na miguu mitupu. Umeme unaotosha kuufunga mkono usiachie, na hata kuusimamisha moyo, alisema, ni mdogo kuliko ule unaowasha taa ya chumbani. Darasa zima liliandika. Mimi nilikuwa nahesabu: kwa juma zima nilivaa mabuti mbele ya bibi aliyeshiba uji, nikayavua kwenda kwenye maji.

Nilicheka sana siku ile, na kwa miaka nikaisimulia hadithi hii hivyo, kama kichekesho cha watoto wawili wajinga. Mukaka mwenyewe aliipenda. Alikaa nasi Butembo, akanywa vidonge, akalalamika juu ya chumvi hadi mwisho, na mwisho huo haukuja upesi. Aliniona nikimaliza sekondari.

Tulipomzika, mimi na mama tulikuwa jikoni tukichambua maharagwe ya waombolezaji. Nikaisimulia tena, ili mama acheke kidogo. Hakucheka.

"Unajua juu ya nini alitaka kurudia Masereka?"

"Tulikuwa tunamukimbia, mama. Yale mabuti."

"Hapana. Mabuti hata hakuona. Siku ile moto iliruka kwa kidole yake, alinifuata hapa jikoni. Alikuwa analia. Aliniambia, 'Mama Paluku, ile kitu ya mulango ya kiwanda iko ndani yangu. Nitaanza kuua mutoto gani?' Nilimwambia hapana, ni damu tu. Hakunisadiki. Alikuwa ameona na macho yake. Akaniomba nisiwaambie, musimuogope."

Mukaka hakujua kusoma, lakini njia ya kituo cha afya ilipita mlango uleule, na fuvu halihitaji shule.

Maharagwe yalibaki mikononi mwangu. Nilikuwa nikiupanga upya ule ua, maji, waya, fimbo, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayekagua hesabu aliyoipenda. Fimbo ilianguka kwanza. Kisha mikono ikapanda juu. Paluku alipofungua mdomo wake, bibi yangu alikuwa amekwisha kusimama mwenyewe, asiniguse.